Mwanamke Aliyekausha Majani Uani Kwangu

Mwaka ule tulikula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, mpaka watoto wakawa wanalia wakiona sufuria inaletwa. Mahindi yetu yalikufa kabla hayajafika kiunoni. Ndiva, bwawa letu la kumwagilia, lilibaki tope la kuchezea vyura. Unga uliletwa na lori mpaka pale barabara inaposhindwa, na kutoka pale wanawake tuliubeba kichwani mpaka huku juu, Chome. Ulinuka ghala. Ugali wake ukiufinyanga unavunjika mkononi kama udongo wa kichuguu. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Sukari ndiyo usiseme. Chai ni mchaichai na maji, wengine wanatia chumvi, wanajidanganya. Mimi miaka ya namba inanichanganya. Huo ni mwaka wa unga wa yanga, na kila mwenye umri wangu hapa Upare anaujua.

Ndio mwaka Mtafiti alipoingia uani kwangu, buti za kiume miguuni, mkononi pakiti ya sukari. Mwanamke anatafuta dawa ya ugonjwa wa sukari, na zawadi yake ni sukari! Jirani yangu Mama Mbonea alipoiona pakiti ile alisimama mlangoni akasahau alichokuja kuazima.

Jina lake ninalo na nitakaa nalo. Kwao sikumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusema kwao. Alitoka chuoni Dar es Salaam, alikuwa anachuma majani ya milimani kuyapeleka maabara, basi. Alikuja mwaka ule, akarudi tena na tena, mpaka enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa kila kitu. Kila akija alilala kwangu. Si kwa mwenyekiti mwenye bati jipya, kwangu. Nyumba yangu haina kunguni, hilo hata wasionipenda wanalisema.

Nasimulia habari zake kwa sababu ya chupa aliyokuwa nayo, na mume wangu, mzee wangu, aliyemwomba chupa hiyo. Mzee wangu alikufa. Mimi bado nataka kujua kama ingemwokoa.

Alikataa kuitwa Daktari. Watu wetu wanapenda vyeo, ukivaa miwani tu wanakuita Daktari, lakini yeye alikuwa anakirudisha cheo hicho kila mara.

"Daktari anaponya. Mimi natafuta."

"Basi wewe ni mbwa wa kuwinda," mzee wangu akamwambia.

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Lakini Mtafiti alilipenda neno lile. Akawa kila akishuka kwenye Landrova anapiga kelele tangu njiani: "Shikamoo mzee, mbwa wako amerudi!" Na mzee wangu, ambaye alikuwa hacheki na mtu, anajibu "Marahaba" huku ameshaanza kutafuta kiti chake cha kukunja ampe mgeni.

Kutembea naye kulikuwa adhabu. Ananusa. Anachuma jani, analisugua kwenye vidole, analinusa na macho amefumba, kisha anakupa na wewe unuse. Ukimwambia linanuka jani, anakuangalia kama umemwibia. Alikuwa anakula amesimama. Sahani yake anaosha mwenyewe, hata nikikasirika. Chai anaijaza sukari vijiko mpaka kijiko kinasimama, halafu anawaambia wenzake wapunguze. Nilimuuliza mbona hafuati maneno yake. Akasema maneno yake ni ya watu wengine.

Na neno lake kubwa lilikuwa "bado". Ukimuuliza, "Mtafiti, jani letu limefaulu?" Bado. "Serikali itatujengea kiwanda?" Bado. "Umeolewa?" Bado, na hapo ananyanyuka anakwenda kuangalia majani yake. Watoto wakamwita Mama Bado, kwa sauti, na yeye akaitika.

Panya wake ndio walituletea kicheko. Siku ya kwanza alieleza mbele ya wanawake kwamba majani atawapa panya wenye sukari.

"Panya wana sukari?" Mama Mbonea akauliza. "Wanaipata wapi? Sisi duka la ushirika halijaiona tangu vuli!"

"Si ya kula, mama. Tunawachoma sindano wanaugua. Halafu tunawapa majani, tunaangalia."

"Mnawatia ugonjwa halafu mnawatibu."

"Ndiyo."

"Si mngewaacha tu wazima?"

Tulicheka mpaka mmoja wetu akamwaga maharage. Mtafiti naye alicheka, lakini nilimwona alivyonyamaza ghafla, kama mtu aliyeitwa na mtu ambaye sisi hatumwoni. Nilikuja kuelewa baadaye sana. Tulikuwa tunachambua mboga sisi wawili, akaniambia kwamba kulikuwa na panya mmoja aliyekuwa anatambua mlio wa viatu vyake. Akiingia tu, yule anasimama kwa miguu ya nyuma, ameshika nyavu.

"Alipona?" nikauliza.

"Alikuwa kati ya waliopata nafuu kuliko wote."

"Afadhali."

"Nikamuua, nione ini lake."

Aliendelea kuchambua mboga. Kuanzia siku ile sikumtania tena habari za panya.

Mti wenyewe siutaji. Ukitajwa utachunwa mpaka mizizi. Unaota ndani ya mpungi, msitu wa ukoo wa mzee wangu, mahali walipolazwa wakubwa wao wa kale. Kule huingii na chuma. Hakuna panga, hakuna kisu, hata pini ya nguo unaiacha nje. Mzee wangu ndiye aliyemwombea ruhusa kwa wazee, wakamwaga dengelua, pombe yetu ya miwa, chini, wakasema maneno yao. Mtafiti alikuwa na mkasi wake wa kazi, wa chuo, unang'aa. Aliuacha kwenye jiwe nje, akavua buti kwa sababu zina misumari, akaingia pekupeku na baridi ile ya mlima Shengena, akachuma kwa kucha. Vidole vilitoka damu. Wenzake aliokuja nao walibaki nje wanalalamika kwamba kwa mwendo huo hawamalizi. Tangu siku hiyo wazee walimwona mtu.

Sisi ndio tuliomwangusha, kwa wema. Aliacha magunia ya majani kwangu akashuka Same kushughulikia mafuta ya gari, ambayo nayo yalikuwa ya foleni. Akasema, "Mama, yakaushe vizuri." Sasa kwetu kitu ukikipenda unakikaushia wapi? Darini, juu ya moto. Mahindi ya mbegu yanakaa kule, maharage yanakaa kule, moshi unafukuza wadudu. Nikakusanya wanawake, tukayapanga darini vizuri, tukakoka moto wa magogo, kila mmoja na zamu yake. Aliporudi yalikuwa meusi, yanavunjika kama magamba. Mimi nimesimama pale kifua mbele nasubiri sifa.

Alipanda ngazi, akachukua jani, akanusa. Akashuka polepole.

"Yamekufa," akasema.

"Majani makavu si yamekufa yote?"

"Hapana. Yakikaushwa kivulini kuna kitu kinabaki hai ndani. Moto unakila."

Hakunigombeza. Alikaa kwenye kinu akafuta miwani. Kesho yake mzee wangu akamjengea kichanja nyuma ya nyumba, chini ya paa la nyasi, upepo unapita lakini jua haligusi. Tangu hapo uani kwangu kukawa na harufu ile, ya uchungu na utamu kidogo, kama ganda la chungwa lililosahauliwa ndani ya sanduku la nguo. Mwanzoni niliichukia. Baadaye nilikuwa naisikia Mtafiti akiwa hajafika, najua ni wiki hii.

Miaka ya mwanzo alikuwa anasema jani linashusha sukari. Kisha, ruksa ilipokolea, akaja na maneno mengine. Alituambia amegundua kwamba kushusha sukari linashusha kidogo tu. Kazi yake kubwa ni kwenye kutu.

"Kutu gani?" mzee wangu akauliza.

"Jembe ukiliacha kwenye umande linafanyaje?"

"Linashika kutu."

"Mwili wenye sukari nyingi nao unaungua kidogo kidogo kwa ndani, kama kutu. Macho, figo, mishipa ya miguu. Ndani ya jani lenu kuna kitu kinachozuia. Kinaliwa chenyewe badala ya mwili kuliwa."

Mzee wangu alilifikiria lile neno. Alikuwa na tabia ya kushika kidevu. "Kinajitoa," akasema.

"Kinajitoa. Kwa panya."

Alikuwa hasahau kuongeza hayo. Kwa panya.

Sasa sukari ilikuwa imefika. Maduka ya barabarani kule chini yalifunguliwa kila mlango, soda zikapanda mpaka huku kwetu, mikate, biskuti, mitumba ya kuvalia kwenda kuvinunua. Mzee wangu aliyekuwa ameshinda njaa yote ile kwa makande na kishumba, vyakula vyetu vya hapa, akapenda soda. Sikatai, na mimi nilimnunulia. Akaanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbugani. Akakonda. Sisimizi wakajaa pale anapokojoa, nyuma ya zizi, na niliwaona kabla hajaniambia. Hospitali kule chini wakampa vidonge, wakamwambia asitembee peku. Vidonge mara vipo, mara havipo, mara vipo uende ukanunue mwenyewe, maana ndiyo mambo mapya, kuchangia gharama. Na kumwambia Mpare mwenye shamba la tangawizi asitembee peku ni kumwambia jogoo anyamaze. Akajichoma na kisiki kwenye kidole. Kidonda kikakataa kufunga.

Alijaribu kuchemsha majani yale mwenyewe. Alitapika mpaka akatoa nyongo. Mtafiti alituambia tangu zamani: jani zima lina dawa na lina sumu pamoja, na yeye kazi yake ni kulitenga, analoweka kwenye spiriti, anakamua, anachuja, anabakiza kile kimoja. Kwa hiyo sufuria yangu haikuwa na faida. Kilichokuwa na faida, kama kipo, kilikuwa ndani ya chupa yake.

Akaja nayo. Alikuwa anapita kwenda Suji kutafuta mti wa aina hiyo hiyo upande ule, na chupa ilikuwa ndani ya kisanduku chake, imefungwa pamba. Maji ya kijani yaliyoiva mpaka meusi. Mzee wangu alikuwa amekaa pale kichanjani, mguu juu ya kigoda, nzi nawafukuza mimi.

"Ndiyo hiyo?" akauliza.

"Ndiyo hii, mzee."

"Ile inayozuia kutu."

"Ndiyo."

"Nipe."

Mtafiti akairudishia pamba yake.

"Mimi ndiye niliyekuonyesha mti," mzee wangu akasema, polepole, hana hasira. "Nilikuombea kwa wakubwa wetu. Mimi ni jembe lako, mwanangu, na umande umenipata. Nipe."

"Kati ya panya kumi na kitu, mzee, wako waliopata nafuu. Na wako waliokufa ini limekuwa la njano. Sijui kwa nini hawa na si wale."

"Mimi nitakuwa kati ya hawa."

"Bado, mzee."

"Bado!" Akacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya. "Mguu huu nao utasubiri?"

Mtafiti akamwambia aende naye hospitali siku ile ile, na Landrova yake. Akapiga magoti, mwanamke wa chuo, akamfunga kidonda mwenyewe kwa kitambaa safi. Akambembeleza. Mzee wangu akamgeuzia uso ukutani. Alikuwa Mpare, kesi yake akiona ameonewa hahamishwi kwa gari. Mimi nilimfuata Mtafiti mpaka barabarani. Nikamshika mkono. Nikamwambia, tone moja. Nikamwambia, hata kama atakufa afe ameridhika. Aliutoa mkono wangu kwa upole, kidole kimoja kimoja, akapanda gari akiwa amekipakata kile kisanduku kifuani kama mtoto.

Mzee wangu alipokubali kwenda hospitali mguu ulikuwa umeshakuwa mweusi mpaka kifundoni. Wakaukata. Hakurudi mlimani akiwa hai.

Mtafiti alikuja msibani. Wengine walisema ana uso mkavu. Hakukaa na wakubwa waliotoka mjini. Alijifunga kanga akakaa jikoni na wanawake, anamenya ndizi, kichwa chini. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemsogezea kigoda. Mimi sikumwangalia. Jioni nilipotoka nje kupumua nilimkuta amesimama mbele ya kichanja kitupu, amekishika kwa mikono miwili, kama yule panya wake alivyokuwa anashika nyavu. Nikarudi ndani. Hakuja tena.

Kichanja kilioza kikaanguka. Lakini harufu haikuondoka. Naweza kuwa nasonga ugali, mvua inanyesha, milango imefungwa, inaingia. Wajukuu wangu wamesoma, mmoja yuko chuo cha ualimu, sijivuni ila ndivyo ilivyo, na wananiambia bibi, hakuna harufu. Mama Mbonea naye anasema hakuna. Sawa. Mimi naisikia, na ikija nainua kichwa kutazama kama mzee wangu anauliza, maana kila jioni ya ugonjwa wake alikuwa na swali lile lile: "Mtafiti amesemaje?" Hata siku ambazo Mtafiti alikuwa Dar es Salaam. Amesemaje? Na mimi nimebaki na lile swali ndani ya nyumba, halina mwenyewe wa kulijibu.

Juzi juzi nilishuka Same siku ya gulio. Vumbi, upepo ule wao wa moto, Wamasai na mbuzi wao, na kijana mmoja juu ya meza ana kipaza sauti. Anauza unga wa kijani kwenye vikopo. "Dawa ya sukari kutoka milima ya Upare! Inaondoa kutu mwilini! Utafiti umethibitisha!" Watu wanasukumana. Mama mmoja wa Kisambaa aliyekuwa anafanya kazi mashamba ya mkonge alinunua vya kwake na vya mume wake. Nikakichukua kikopo, nikakifungua, nikanusa kama nilivyofundishwa. Mwarobaini mtupu.

"Bibi, unanunua au unanusa?"

"Nani alikuambia habari za kutu?"

"Ni sayansi hiyo, bibi. Sogea wenzako wapite."

Nilisogea. Lakini miguu yangu iliwaka. Nilikuwa nimesikia kwamba Mtafiti alistaafu, na badala ya kubaki Dar es Salaam akajenga vyumba viwili hapo hapo Same, upande wa reli, mahali pakavu ambapo hakuna jani la maana linaloota. Nikauliza, nikaelekezwa.

Alikuwa amekaa barazani, kichwa chote kimekuwa cheupe. Buti zilikuwa zimekwisha, alivaa kandambili. Alinijua kwa sauti kabla sijafika.

"Karibu, dada yangu."

Miaka yote ile alikuwa ananiita mama. Nikakaa. Tukaulizana hali, watoto, mvua. Chai aliyonipa ilikuwa na sukari, yake haikuwa nayo. Nilimwambia habari za kijana wa gulioni. Akasema ameshakwenda kumwambia aache, wakamzomea, wakamwambia bibi anaona wivu.

"Na ile chupa?" nikauliza.

"Wenzangu waliendelea miaka mingi baada yangu. Kwenye panya inaonekana hivi, kwenye panya wengine inaonekana vile. Kwa watu haikufika."

"Mtafiti, nisikilize. Sikuja kugombana. Mzee wangu ananiuliza na mimi sina cha kumjibu. Chupa ile, ungempa siku ile, angepona?"

Aliweka kikombe chini. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, tukasubiri imalize kelele zake.

"Sitakuambia nisilolijua, dada yangu, hata kama lingekuponya."

"Unaweza kusema hapana. Neno moja tu. Sema chupa ile ilikuwa maji, sema angekufa vile vile. Nani atakukamata? Mimi nitapanda mlima nimwambie, tupumzike wote wawili."

Akatikisa kichwa.

"Basi sema ndiyo!" Nilikuwa nimesimama, na sauti yangu ilitoka mpaka majirani wakageuka. "Sema ndiyo, angepona, ulimwacha afe, ili nikuchukie vizuri. Hata hilo huwezi kunipa? Umekula kwangu. Umelala kwangu. Nipe moja kati ya mawili, Mtafiti, nakuomba kwa jina la yule uliyekuwa unamwamkia tangu njiani."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Alinyoosha mkono, ule wenye vidole vilivyochuma mpungini, akanishika kiganja, na mimi sikuutoa. Nilisubiri. Nilidhani sasa atasema.

"Sitakuambia nisilolijua, dada yangu, hata kama lingekuponya."